Ajira Hutafutwa Kabla ya Joho: Nasaha kwa Wanafunzi wa Vyuo

Kila mwaka, ifikapo miezi ya mwisho, viwanja vya vyuo vyetu vikuu, tangu Mlimani jijini Dar es Salaam hadi Dodoma, na tangu Mzumbe na Sokoine mkoani Morogoro hadi Mtakatifu Augustino kule Mwanza, hujaa majoho na mashada ya maua, na wazazi waliouza mahindi, mbuzi au kiwanja ili mtoto asome huketi kwa taadhima wakingoja jina la ukoo wao litajwe. Ni furaha ya haki, wala hapana mwenye insafu awezaye kuibeza. Lakini aghalabu haupiti mwezi kabla furaha hiyo haijaandamwa na swali ambalo mhitimu huulizwa sebuleni, msikitini, kanisani na dukani kwa jirani: umeshapata kazi? Wengi hukosa jawabu, ilhali walisoma kwa bidii na wakafaulu vizuri, kwa sababu hakutokea mtu wa kuwaambia mapema ya kuwa kusoma na kutafuta kazi ni mambo mawili yapasayo kwenda sambamba, na ya kuwa la pili likingojea la kwanza limalizike, huwa limekwisha kuchelewa.

Haikuwa hivyo siku zote. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria ndani ya jengo la chama cha TANU katika mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake hawakutimia ishirini. Nchi ilikuwa na viti vingi kuliko wasomi wa kuvikalia, na mhitimu alikuwa akingojewa kazini hata kabla hajaandika mtihani wake wa mwisho. Na kwa miaka mingi iliyofuata Serikali ndiyo iliyokuwa ikiwapangia wahitimu vituo vyao. Kisha yakaja marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, watumishi wa umma wakapunguzwa, mashirika ya umma yakabinafsishwa, na wakati huohuo vyuo vikaongezeka kila pembe ya nchi. Kijana wa leo amezaliwa katika zama ambazo shahada ni sharti la kuruhusiwa kuomba, wala si ahadi ya kupata.

Katika historia hiyohiyo limo jambo linalofaa kukumbukwa. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba mwanafunzi amalizapo elimu ya sekondari aende kwanza kufanya kazi, na ya kuwa maneno ya wale waliomwona kazini yawe miongoni mwa mambo yatakayompatia nafasi ya chuo kikuu. Sharti lile liliondolewa zamani, na wapo waliolilaumu kwa sababu zenye uzito. Walakini swali lililokuwamo ndani yake ndilo lile lile aulizalo mwajiri wa leo akiwa na rundo la maombi mezani pake: ni nani amemwona kijana huyu akifanya kazi, naye anamsemaje?

Hilo ndilo neno ninalotaka mwanafunzi alishike kuliko yote nitakayoyataja hapa. Anayeajiri huwa na shaka, na ana haki ya kuwa na shaka, kwa kuwa anamkabidhi mgeni fedha, wagonjwa, mitambo au watoto wa watu. Kazi ya mwenye kutafuta ajira ni kuiondoa shaka hiyo kwa ithibati, na ithibati hazikusanywi kwa wiki moja baada ya mahafali. Hukusanywa polepole tangu mwaka wa kwanza, wakati ambapo hakuna mtu anayezidai.

Mafunzo kwa vitendo

Mlango wa kwanza wa ithibati ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi. Wengi huyahesabu kuwa deni la chuo lipaswalo kulipwa ili wapate alama, na hutafuta ofisi iliyo karibu na nyumbani, yenye kipozahewa na kazi chache. Tuwachukulie wanafunzi wawili wa uhasibu waliopelekwa katika idara ya fedha ya halmashauri moja ya wilaya. Wa kwanza alipoona kwamba maofisa wana shughuli nyingi na hawana wasaa wa kumfundisha, aliketi karibu na dirisha akachezea simu hadi siku zikaisha, kisha akapeleka daftari lake la kumbukumbu likasainiwa. Wa pili, siku ya tatu, aliona pembeni mwa chumba masanduku ya hati za malipo zilizochanganyika miezi na miezi. Akaomba ruhusa, akazipanga kwa namba na tarehe, akaandika katika karatasi zile zilizokosekana, akamkabidhi mhasibu orodha hiyo. Wiki iliyofuata hakuna aliyemwona tena kuwa mgeni: alionyeshwa namna ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na wakaguzi walipokuja kuuliza hati fulani, yeye ndiye aliyeitwa kuitoa. Wote wawili watapata cheti chenye maneno yaleyale, lakini ni mmoja tu ambaye jina lake litakumbukwa siku ofisi itakapotafuta karani wa muda.

Kwa hiyo, kijana, usingoje kufundishwa. Tafuta kazi iliyoachwa bila mwenyewe, uombe kuifanya kwa adabu. Fauka ya daftari lile la chuo, weka daftari lako mwenyewe, uandike kila jioni ulichofanya, kwa kifaa au programu gani, na kilileta faida gani, kwa maana miaka miwili baadaye, utakapokuwa unaandika wasifu wako, kumbukumbu ya kichwani itakuwa imefifia na hutabaki na lolote ila maneno ya jumla. Kabla ya kuondoka, omba barua ya mapendekezo kazi yako ingali mpya machoni mwa msimamizi, chukua namba yake ya simu, na usimsahau: salamu ya Idi au ya Krismasi haigharimu kitu, nayo hulinda ujamaa ambao utauhitaji.

Utauhitaji kweli, kwa sababu matangazo ya kazi za Serikali hudai, pamoja na mambo mengine, majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Ni masikitiko kuona ni vijana wangapi wanaofikia mahali hapo wakajaza jina la mjomba, la rafiki wa baba na la mwenyekiti wa mtaa, watu wema wote, ila hakuna hata mmoja awezaye kueleza kijana huyo alifanya kazi gani na aliifanyaje. Mdhamini anayefaa ni mhadhiri aliyekusimamia utafiti, ofisa uliyekuwa chini yake katika fildi, au mwenye duka uliyemshikia hesabu zake wakati wa likizo. Na kabla ya kuandika jina lake umwombe idhini, umweleze ni kazi gani unayoiomba, ili simu ikimfikia asije akababaika.

Wala usidharau kazi ndogo. Kufundisha tuisheni, kusimamia kibanda cha uwakala wa fedha za simu, kuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi, au kuwa karani wa Sensa kama walivyokuwa vijana wengi mwaka 2022, yote hayo ni ushahidi wa uaminifu, mradi uweze kuyaeleza kwa hakika: fedha kiasi gani zilipita mikononi mwako, kaya ngapi ulizihesabu, watoto wangapi uliowafundisha na walifaulu vipi.

Kila taaluma na mlango wake

Mwanafunzi mwenye busara huuliza mapema baada ya shahada kuna nini, kwani taaluma nyingi zina hatua nyingine kabla ya kuitwa mtaalamu. Daktari hupitia mwaka wa utarajali hospitalini. Mwanasheria atakaye kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo ina mpango wa mafunzo ya kazini wa miaka mitatu kwa wahitimu. Mhasibu hukabiliana na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na mtu wa ununuzi na ugavi ana bodi yake kadhalika. Anayeyajua haya akiwa mwaka wa pili huweza kuanza kujisajili, kuweka akiba ya ada na kufanya baadhi ya mitihani mapema. Asiyeyajua huyasoma kwa mara ya kwanza ndani ya tangazo la kazi, chini ya neno “sifa”, siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea maombi.

Nyaraka

Sasa niseme juu ya nyaraka, jambo linaloonekana dogo lakini huwaangusha wengi ambao akili zao hazina ila. Nafasi nyingi za Serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, na maombi hupelekwa kwa mfumo wa mtandaoni ujulikanao kama Ajira Portal, ambao humtaka mwombaji awe na namba ya kitambulisho cha Taifa. Yafaa mwanafunzi ayasome matangazo yake angali chuoni, hata kama hana cha kuomba, apate kujua kinachodaiwa. Ataona kwamba mwombaji hutakiwa kuambatisha cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na vyeti vya taaluma, nakala zikiwa zimethibitishwa na mwanasheria. Ataona pia ya kwamba hati za matokeo za muda, pamoja na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, hazikubaliwi badala ya vyeti vyenyewe. Aliyesoma ng’ambo hutakiwa kuhakikisha kwamba vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka za elimu za hapa nchini.

Msiba mkubwa zaidi ni wa majina. Kijana ameandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad katika cheti cha kidato cha nne, na chuoni jina la babu likaachwa kabisa. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejali, hata siku ya usaili karani anapozishika karatasi tatu mkononi na kuona watu watatu. Sheria inayo njia ya kulirekebisha hilo, nayo ni hati rasmi ya majina iliyosajiliwa, lakini hati hiyo haipatikani usiku wa kuamkia usaili. Basi leo hii, umalizapo kusoma makala haya, toa vyeti vyako vyote, uvitandaze mezani, usome majina herufi kwa herufi, na tarehe za kuzaliwa kadhalika. Ukikuta hitilafu, nenda kaanze kuishughulikia wiki hii. Na kama cheti chako cha kuzaliwa hakijapatikana kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au namba yako ya kitambulisho cha Taifa itolewayo na NIDA bado haijatoka, usingoje mwaka wa tatu.

Maadamu tumetaja vyeti, niseme pia kwamba njia ya kughushi haina mwisho mwema. Mnamo Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Walikuwamo waliofanya kazi kwa miaka mingi, wenye nyumba na watoto shuleni, na yote yaliyojengwa juu ya karatasi moja ya uongo yakabomoka pamoja nayo. Alama ya chini iliyo ya kweli ina staha kuliko alama ya juu iliyoibwa.

Barua na wasifu

Barua ya maombi imekuwa kwetu kama kanzu ya kuazima, ambayo kila mtu huivaa bila kuipima. Anuani imekaa mahali pake, tarehe ipo, kisha “YAH: MAOMBI YA NAFASI YA AFISA UGAVI”, na baada yake fungu la kwanza: “Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira yoyote na chini ya usimamizi mdogo.” Msomaji wa barua hizo hukutana na maneno haya mara mia kwa siku moja, na barua ya mia moja na moja haimwambii kitu kipya. Uaminifu hauthibitishwi kwa kujitaja kuwa mwaminifu.

Lau kijana yuleyule angeandika: “Katika wiki nane za mafunzo kwa vitendo kwenye bohari ya dawa ya hospitali ya wilaya, nilihesabu upya shehena iliyokuwamo, nikalinganisha na leja, na kumwandalia mfamasia orodha ya dawa zilizokaribia kuisha muda wake,” msomaji angeinua kichwa. Sentensi hiyo ina mahali, ina muda, ina kazi, ina faida, na inaweza kuulizwa kwa simu ikathibitishwa. Andika fungu moja la kueleza unaomba nafasi gani na umeiona wapi, fungu la pili la ithibati mbili au tatu zinazohusu nafasi hiyo khasa, na fungu la tatu la kushukuru na kueleza unavyopatikana. Ukurasa mmoja unatosha. Soma tangazo kwa makini, uitazame kila sifa iliyotajwa, na uhakikishe kwamba barua yako inaijibu, kwa maana barua moja iliyonakiliwa ikapelekwa ofisi ishirini hujulikana upesi, hususan mwandishi anaposahau kubadili jina la ofisi aliyoiomba mwanzo.

Wasifu nao uwe safi. Anza na elimu na kazi za karibuni, urudi nyuma. Weka namba ya simu inayopatikana, na anuani ya barua pepe yenye jina lako halisi, si lakabu la utotoni. Usijaze lugha usizozisema wala programu za kompyuta usizozijua, kwa sababu kila neno uliloliandika ni swali ulilomruhusu msaili akuulize. Na umpe mtu mwenye kujua lugha ausome kabla haujatoka mikononi mwako, uwe umeandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Msomi aliyekosea tahajia ya jina la shahada yake mwenyewe hujitia hasara isiyo na sababu.

Usaili

Mara nyingi usaili wa Serikali huanza na mchujo wa kuandika, kisha wale waliofaulu huitwa kwenye mahojiano. Tangazo la kuitwa huwa na masharti, nayo yasomwe kana kwamba ni swali la kwanza la mtihani: kufika na vyeti halisi, kufika na kitambulisho kinachokubaliwa, na kujigharamia usafiri, chakula na malazi. Sharti hili la mwisho ni zito kwa kijana wa Kigoma au Mtwara anayeitwa Dodoma, na ndiyo maana nawasihi wanafunzi waweke kando kidogo kidogo katika ile posho ya Bodi ya Mikopo waiitayo bumu, badala ya kuimaliza kwa mavazi na kubeti. Nauli ya usaili iliyowekwa miaka miwili kabla imewapatia watu kazi, na iliyokosekana imewanyima wenye akili kubwa.

Ndani ya chumba cha usaili, heshima ya kwanza unayoweza kuwapa wenyeji ni kuijua nyumba yao. Anayeomba kazi Mamlaka ya Mapato ajue kwamba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi Julai 1996, ajue inakusanya kodi gani na zipi si zake, na aweze kueleza kwa lugha nyepesi mlipakodi wa soko la Kariakoo anakabiliana na nini. Anayeomba ualimu aujue mtaala, na anayeomba benki azijue huduma zake. Swali la “tueleze habari zako” halitaki nasaba wala kisa cha utotoni. Linataka, kwa dakika mbili, ulichosoma, ulichofanya, na kwa nini umekuja hapa. Jizoezeni wenyewe kwa wenyewe vyumbani mwenu, wawili wakiuliza na mmoja akijibu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mpaka ulimi uzoee. Na usipojua jambo, sema hujui na ueleze ungelitafuta wapi. Wasaili wengi ni watu wazima wenye uzoefu, hulitambua jibu la kubuni kabla halijamalizika.

Ukikosa, usikate tamaa wala usiseme papo hapo kwamba nafasi zilikuwa na wenyewe. Sekretarieti ya Ajira huweka kanzidata ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi, na wapo waliopangiwa vituo kutoka humo. Andika maswali uliyoulizwa yangali mabichi kichwani, uyatafutie majibu, maana aliyeanguka usaili wa kwanza akajifunza humpita aliyeanguka mara tano akinung’unika.

Kujuana, rushwa na hadaa

Vijana wengi huamini kwamba bila kujuana hakuna ajira, na imani hiyo haikuzuka bure. Lakini hapa pana mambo mawili yapaswayo kutenganishwa. Kuwajulisha watu kwamba umemaliza, unajua kazi hii na hii, na unatafuta, ni desturi njema: mwambie mwalimu wako, mwambie msimamizi wa fildi, waambie waliokutangulia chuoni, waambie wazee wa jamatini. Hao watakupa habari ya nafasi ilipo na kushuhudia uliyoyafanya, na si aibu kuomba habari na ushahidi. Kununua nafasi ni jambo jingine, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 huliita kosa la jinai kwa mtoaji na kwa mpokeaji.

Sheria hiyohiyo imetaja waziwazi rushwa ya ngono, na kwa hili nasema na mabinti zetu, na wavulana pia: mtu atumiaye cheo chake kukutaka mwili ili akupe kazi anafanya jinai, nawe huna la kuonea haya. Weka ujumbe wake, usiufute. Mwambie mzazi au mtu unayemwamini. Ipigie Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) namba 113, ambayo haitozwi fedha. Kazi inayoanza kwa kudhalilishwa huendelea kwa kudhalilishwa.

Tena wapo matapeli wanaovizia shida za watu. Dalili zao hazibadiliki: unaambiwa umepata kazi ambayo hukuiomba, mshahara ni mkubwa kupita kiasi, usaili hakuna, na lililobaki ni kutuma fedha ya fomu, ya sare au ya kitambulisho kwa namba ya simu ya mtu binafsi, leo kabla ya saa kumi. Mwajiri wa kweli hulipa mfanyakazi, hatozi mwombaji. Hata Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, iwe kwa dhahiri au kwa kificho. Na anayeahidiwa kazi Muscat, Doha au Dubai ahakikishe kwanza na Wizara inayohusika na kazi kama wakala huyo amesajiliwa, na kamwe asimkabidhi mtu hati yake ya kusafiria kabla hajauona mkataba na kuuelewa.

Siku ya mkataba

Kazi ikipatikana, furaha isikuzuie kusoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, yakiwamo kazi yenyewe, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Saa za kawaida hazipiti 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Piga hesabu ya kinachobaki mkononi: toa kodi, toa mchango wa hifadhi ya jamii, na kama ulisoma kwa mkopo, toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi irudiyo Bodi ya Mikopo. Anayeijua hesabu hiyo kabla ya kusaini hapangi nyumba asiyoiweza.

Na ikiwa ajira ya kuandikwa inachelewa, usikae barazani ukihesabu miezi. Jiunge na mafunzo ya uzoefu wa kazi yanayoratibiwa na Serikali kwa wahitimu, au jitolee mahali kwa muda uliokubaliwa na kazi iliyoandikwa, ili kujitolea kusigeuke kutumikishwa. Kama una wenzako na wazo la kazi, ulizeni katika halmashauri juu ya mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo sheria imewagawia wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Nao wenye kujiajiri wakumbuke kwamba mteja na mwajiri wana shaka moja, na dawa ya shaka hiyo ni ileile.

Kwa wahadhiri nina ombi moja: mwanafunzi akiomba barua ya mapendekezo, iandikwe kwa kumjua, si kwa kunakili ya mwenzake. Kwa maofisa wanaopokea wanafunzi wa fildi, wapeni kazi ya kweli, hata iwe ndogo, kwa kuwa mnawaandaa wale watakaokalia viti vyenu. Kwa wazazi, punguzeni kuuliza “umepata kazi?” na muulize “umejifunza kazi gani mwaka huu?” wakati mtoto angali mwaka wa kwanza. Nanyi wanafunzi, msiingoje siku ya joho: kagueni majina katika vyeti vyenu wiki hii, chagueni fildi yenye kazi, na mhakikishe kwamba kabla ya mahafali wapo watu watatu, wasio jamaa zenu, wanaoweza kusema kwa ukweli kwamba waliwaona mkifanya kazi na wangependa kuwaona tena.